Mlinzi Atoe Habari kwa Saa au kwa Tukio?

Wafikiriwe walinzi wawili waliopangwa lindo usiku mmoja, kila mmoja akiwa na simu yake ya upepo. Wa kwanza ameamriwa aite makao kila itimiapo saa kamili, awe ameona jambo au hakuona. Wa pili ameamriwa anyamaze, asimalize betri bure, ila aite mara tu aonapo jambo lililovuka kawaida. Afisa wa zamu aketiye mezani akiwasikiliza wawili hao hajui ni yupi wa kumsifu. Wa kwanza humchosha kwa "hali ni shwari" hadi alfajiri, na huenda mwizi akapita dakika tano baada ya kuitwa kwa makao. Wa pili humpa utulivu, lakini utulivu huo una wasiwasi ndani yake, kwani ukimya wa mlinzi hausemi kama yu macho, amelala, au amekwisha kudhurika.

Mama apikaye maziwa analijua jambo hili bila ya kufundishwa. Msichana asiyezoea jiko huja kila baada ya dakika mbili, akatazama sufuria, akaenda zake; na maziwa, kwa ukaidi wake, humwagika katika dakika ile ile aliyokuwa nje. Aliyezoea huketi karibu na kazi nyingine mkononi, wala hainuki mpaka aone povu limepanda hadi alama aliyoiweka akilini mwake.

Wahandisi watengenezao mitambo ijiendeshayo wenyewe wamekaa na swali hilo kwa miaka mingi. Mtambo wowote unaotunza kitu, uwe unatunza ubaridi wa friji, maji ya tangi au mwelekeo wa ndege, hauna budi kupima, kulinganisha, kisha kurekebisha. Lakini urekebishe lini? Tangu kompyuta zilipoanza kuongoza mitambo, jibu la kawaida lilikuwa saa: kila baada ya muda ule ule, hata kama hapana kilichobadilika. Sababu yake ni nyepesi. Yatukiayo kwa saa ni rahisi kuyapigia hesabu katika karatasi, na yatukiayo kwa nasibu ni magumu. Kwa hiyo urahisi ulikuwa wake mpiga hesabu, na mtambo ndio uliobeba gharama.

Mwaka 1999, katika mkutano mkuu wa wataalamu wa udhibiti wa mitambo uliofanyika Beijing, Uchina, Karl Johan Åström na Bo Bernhardsson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha ukubwa wa gharama hiyo. Walichukua kitu kinachosukumwa huku na huko na nasibu tupu, wakakitunza kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kukirudisha mahali pake kila baada ya muda maalumu. Ya pili ilikuwa kukiacha mpaka kiguse mpaka uliowekwa, ndipo kirudishwe. Idadi ya kurudisha waliifanya kuwa sawa kwa wastani, ili mmoja asije akashinda kwa kufanya kazi zaidi. Ilionekana kwamba mwenye kufuata saa alikuwa na upotofu mara 3 ya ule wa mwenye kufuata tukio.

MCHEZO WA HARAGWE

Hesabu hiyo haihitaji maabara. Watoto wawili waweza kuifanya barazani kwa chaki, punje moja ya haragwe na sarafu moja. Wachore mstari mrefu sakafuni, wautie alama za hatua, na katikati waandike sifuri. Punje iwekwe kwenye sifuri. Sarafu irushwe: ikilala kwa upande mmoja, punje isogee hatua moja kulia, ikilala kwa upande wa pili, isogee hatua moja kushoto. Punje hiyo ndiyo chombo kisukumwacho na nasibu, na kazi ya mtoto ni kuizuia isitangetange mbali na sifuri.

Mtoto wa kwanza afuate saa: kila baada ya kurusha mara 16, airudishe punje kwenye sifuri, popote ilipo. Mtoto wa pili afuate tukio: airudishe wakati tu ifikapo hatua ya 4 kulia au hatua ya 4 kushoto. Wakicheza muda mrefu wataona ya kuwa wa pili naye hurudisha mara moja katika kila kurusha 16, kwa wastani. Basi kazi yao ni sawa.

Sasa wapimwe. Kila baada ya kurusha, na baada ya kurudisha ikiwa ni zamu ya kurudisha, itazamwe punje iko hatua ngapi kutoka sifuri, na idadi hiyo izidishwe kwa yenyewe. Huenda mtu akauliza kwa nini izidishwe. Ni kwa kuwa kosa moja kubwa huumiza kuliko makosa madogo mengi: gari lililopotoka hatua 4 liko mtaroni, hali lile lililopotoka hatua 1 mara nne bado liko barabarani. Kwa kipimo hicho, wastani wa mtoto wa kwanza utakaribia 7.5, na wa mtoto wa pili utakaribia 2.5. Mmoja amepotoka mara 3 ya mwenzake kwa jasho lile lile.

Sababu yake huonekana kwa macho. Mtoto wa saa mara nyingi huirudisha punje ambayo tayari ilikuwa karibu na sifuri, na kazi hiyo ni bure. Mara nyingine punje hukimbia hatua 7 au 8 naye ameketi akingoja zamu yake itimie. Mtoto wa tukio hafanyi kazi bure hata mara moja.

MPAKA UWEKWE WAPI

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, maana mwenye kuchagua mpaka amechagua pia mapumziko yake. Mpaka ukiwekwa kwenye hatua ya 2, punje huufikia baada ya kurusha mara 4, kwa wastani. Ukiwekwa kwenye hatua ya 4, ni mara 16. Ukiwekwa kwenye ya 8, ni mara 64. Msomaji amekwisha kuona kanuni yake: idadi ya hatua izidishwe kwa yenyewe. Mpaka ukisogezwa mara 2 mbali zaidi, mapumziko huwa marefu mara 4. Ni zawadi kubwa kwa mwenye betri ndogo, lakini hulipiwa, kwani upotofu nao, ukipimwa kwa kipimo kile, huongezeka kiasi cha mara 4.

Na wastani ni jamaa wa kuogopwa. Afisa asikiaye kwamba tukio hutokea kila baada ya kurusha mara 16 aweza kupanga zamu, chakula na betri kana kwamba ahadi imetolewa. Hapana ahadi. Katika mchezo wa mpaka wa hatua 4, mchezo 1 katika kila 8 humalizika kwenye kurusha kwa nne, yaani mapema kabisa iwezekanavyo, punje ikienda moja kwa moja upande mmoja bila kugeuka. Na mchezo 1 hivi katika kila 20 huendelea kupita kurusha mara 40 bila tukio lolote. Mtu yule yule, sheria ile ile, mpaka ule ule: leo ameitwa kabla hajakaa, kesho amengoja mpaka akadhani amesahauliwa. Aliyewahi kukaa kituo cha polisi usiku atasema hivyo ndivyo kazi ilivyo.

Ugumu huzidi kitu kinaposukumwa bila kupumzika. Sarafu hurushwa mara moja moja, lakini upepo, mawimbi na joto havingoji zamu. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, aliona kwa darubini jinsi chembe ndogo zitokazo katika chavua ya maua zinavyotikisika majini bila kukoma. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza sababu yake, kwamba chembe hizo hupigwa na molekuli za maji kutoka kila upande. Baadaye Norbert Wiener wa Marekani aliuwekea mwendo huo msingi wa hisabati, na hisabati hiyo ina tabia moja inayosumbua: kitu kitembeacho namna hiyo, kikiugusa mpaka, huuvuka na kurudi mara zisizohesabika katika kitambo hicho hicho, hata kiwe kifupi namna gani.

Mlinzi aliyeambiwa aite kila jambo livukapo mpaka, akikutana na mwendo wa namna hiyo, angeita, akaita, akaita, wala asipate nafasi ya kuvuta pumzi. Wataalamu huliita tatizo hili kwa jina la Zeno wa Elea, Myunani wa kale aliyewachanganya watu kwa kuigawa safari fupi katika vipande visivyo na mwisho. Mwaka 2007 Paulo Tabuada, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alithibitisha kwamba katika mitambo isiyosukumwa na nasibu yawezekana kutunga kanuni ya tukio ambayo daima huacha nafasi ya kupumua baina ya tukio na tukio. Ikiingia nasibu ya namna ya Wiener, dhamana hiyo huondoka. Mapumziko ya wastani yaweza kuwa marefu, lakini hapana awezaye kuahidi kwamba yafuatayo hayatakuwa mafupi kupita kiasi.

MAFUNZO YA FRIJI

Dawa yake imo katika nyumba nyingi zenye umeme. Friji huendeshwa kwa tukio: joto likipanda hadi kiwango fulani, mashine huwaka, likishuka hadi kiwango kingine kilicho chini zaidi, huzimika. Viwango ni viwili kwa makusudi. Kingalikuwa kimoja tu, mashine ingewaka na kuzimika kila mlango ufunguliwapo na mtoto atafutaye maji baridi, nayo isingedumu.

Lakini viwango viwili havitoshi mahali ambapo umeme wenyewe hukatika na kurudi kwa nasibu. Mashine ya friji ikizimika, gesi iliyomo huwa bado imebanwa upande mmoja, na ikiwashwa papo hapo hulazimika kuanza ikiwa imebeba mzigo huo. Mota hupata joto kali na mwishowe huungua. Kwa hiyo watu wengi hununua kile kisanduku kidogo cha kulinda friji kichomekwacho ukutani. Umeme urudipo, taa yake huwaka, lakini friji hainguruma hata kidogo kwa dakika kadhaa. Wapo wadhanio kwamba kisanduku kimeharibika, wakakichomoa na kukirudisha kwa hasira, na hesabu ya dakika ikaanza upya. Kumbe kinafanya kazi yake: hata tukio likitokea, hakuna kutenda mpaka muda wa chini umepita.

Huo ndio upande mmoja wa saa. Mtambo wa tukio, ukikutana na nasibu, huazima saa ili usitende upesi mno. Upande wa pili humhusu yule mlinzi anyamazaye. Yeye anahitaji muda wa juu: akiona jambo, aite, na asipoona, saa moja isipite tangu alipoita mara ya mwisho bila ya kusema angalau "nipo". Ihesabiwe tangu alipoita mara ya mwisho, wala si kwa kengele ya saa kamili, kwa maana aliyeita saa tano kasoro dakika mbili kwa sababu ya tukio hana haja ya kuita tena saa tano. Kwa amri hiyo ukimya hupata maana. Kabla ya saa moja kutimia, ukimya wasema kwamba hapana lililovuka mpaka. Saa moja ikipita, ukimya wenyewe umekuwa tukio, na askari hutumwa kumtazama.

KOPO LA KIWI NA MOYO WA MTU

Mambo haya yote yamekutana ndani ya kifua cha mwanadamu. Tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska karibu na Stockholm, Sweden, daktari mpasuaji Åke Senning alimpandikiza Arne Larsson, mtu wa miaka 43, mashine ndogo ya kuusaidia moyo upige. Moyo wa Larsson ulikuwa ukisimama kwa vipindi, naye akizimia mara 20 hata 30 kwa siku. Mkewe, Else-Marie, ndiye aliyemwendea daktari na mhandisi Rune Elmqvist, akawasihi mpaka wakakubali kumfanyia mumewe jambo ambalo halijapata kufanywa kwa mtu yeyote. Elmqvist aliuunda mtambo huo kwa haraka, akazimimina sehemu zake katika gundi igandayo, na kalibu aliyoitumia ilikuwa kopo la dawa ya viatu ya Kiwi, lile ambalo askari wengi wamelimaliza wakijiandaa kwa gwaride. Mashine ya kwanza ilidumu saa chache tu, ikabadilishwa kwa nyingine. Larsson aliishi hadi Desemba 2001, akafariki kwa maradhi mengine akiwa na miaka 86, baada ya kubadilishiwa mashine zaidi ya 20. Senning na Elmqvist walikuwa wamekwisha kumtangulia.

Mashine za mwanzo zilifuata saa. Zilipiga moyo kwa umeme kwa kiwango kimoja, usiku na mchana, pasipo kuuliza moyo wenyewe unafanya nini. Kwa moyo uliokwisha kuacha kazi kabisa, hilo lilifaa. Lakini mioyo ya wagonjwa wengi hupiga vizuri kwa muda, kisha hukosea, kisha hurudi tena, bila ya mtu kuweza kutabiri. Hapo mashine ya saa hugombana na moyo ulio hai. Na kuna kitambo kifupi mara baada ya pigo, wakati misuli inapojirudisha tayari kwa pigo jingine, ambapo umeme ukiingia waweza kuufanya moyo utetemeke ovyo badala ya kusukuma damu. Mashine iliyowekwa kuokoa yaweza hapo kuua.

Katika miaka ya 1960 Barouh Berkovits, mhandisi aliyefanya kazi Marekani, alitengeneza mashine isikilizayo kwanza. Ikiwekwa kulinda mapigo 60 kwa dakika, huhesabu sekunde 1 tangu pigo la mwisho. Moyo ukipiga wenyewe kabla ya sekunde hiyo kutimia, mashine hunyamaza na kuanza hesabu upya. Sekunde ikitimia bila pigo, mashine hupiga. Ni amri ile ile ya mlinzi na saa yake moja, isipokuwa hapa muda wa juu ni sekunde, na anayengojwa aseme "nipo" ni moyo. Betri nayo hupona, kwani siku ambazo moyo unajiweza, mashine haitumii umeme wa kupiga.

Kile kisanduku cha friji kimo pia. Baada ya kila pigo mashine hujifanya kiziwi kwa kitambo, kwa kawaida kama robo ya sekunde. Isingefanya hivyo, wimbi la umeme litokalo wakati moyo unajirudisha lingehesabiwa kuwa pigo la pili, na mashine ingekosea tangu hapo.

Linabaki tishio la kelele. Mashine isikilizayo yaweza kudanganywa. Mtambo wenye umeme au sumaku kali ukiletwa karibu na kifua, kwa mfano mashine ya kuchomelea vyuma, mashine ya moyo yaweza kudhani kelele ile ni mapigo, ikanyamaza kwa adabu, hali moyo wenyewe umesimama. Kwa sababu hiyo mashine nyingi zimefundishwa kuitambua kelele: zikisikia fujo ya mfululizo isiyofanana na moyo, huacha kufuata tukio na kurudi kwenye saa, zikapiga kwa kiwango kimoja mpaka fujo iishe. Kupiga bure ni hatari ndogo kuliko kunyamaza bure. Madaktari nao huweka sumaku juu ya ngozi mahali ilipo mashine, na nyingi za mashine hizo, zikiihisi sumaku, hurudi kwenye saa vivyo hivyo.

Habari hii yawagusa moja kwa moja askari na polisi wakaguao watu langoni kwa kifimbo cha kutambua vyuma. Mwenye mashine ya moyo hupita salama katika lango la ukaguzi akitembea kwa mwendo wa kawaida, ingawa lango laweza kulia kwa sababu ya chuma kilichomo kifuani. Asisimame humo wala asiegemee nguzo zake. Kifimbo kisishikiliwe juu ya kifua chake wala kupitishwa hapo mara kwa mara. Mtu akisema kwamba ana mashine hiyo, aombwe kwa heshima aonyeshe kadi aliyopewa hospitali ikiwa anayo, kisha apekuliwe kwa mkono, mwanamke na askari wa kike, mwanamume na askari wa kiume. Na akisema anasikia kizunguzungu, asogezwe hatua chache mbali na mtambo kabla ya kuulizwa neno jingine.